Floridi, Kanga na Mkono Wako wa Kulia

Mama,

Shikamoo. Nimeiandika hiyo shikamoo halafu nikaweka kalamu chini, kama mjinga, nikisubiri uitikie. Wewe marahaba yako ulikuwa unaivuta mpaka inageuka swali: "Marahabaaa, umekula?" Sijala, Mama. Nimeingia jana na basi la kutoka Korogwe, miguu imevimba, chai iko mezani inapoa, na nina habari ambayo nikimweleza mtu mwingine itabidi nianze kwa kumweleza wewe ulikuwa nani. Sina nguvu hiyo. Kwa hiyo nakuandikia mwenyewe.

Habari ni ya mdogo wako, Mama Mdogo Mwanahamisi. Ni mzima, usishtuke. Anacheka, anapika, bado anagombana na kuku wa jirani. Lakini mkono wake wa kulia umeanza. Kidole gumba kinasugua kidole cha shahada, polepole, bila kupumzika, kama mtu anayehesabu tasbihi ambayo haipo. Mchezo wako ule ule. Na tangu uanze, alikuwa amekataa katakata kwenda hospitali. Mimi nami nilikuwa nimeapa kwamba sitazika mwingine kwa ugonjwa ule ule na maneno yale yale. Ndicho kilichonipeleka Mnyuzi kwake.

Ngoja nikueleze kwa mpangilio. Unanijua, nisipopanga nakasirika njiani.

Nyumbani Kwamsisi umeme umefika. Nguzo wameisimamisha pale pale nilipokuwa naweka meza yangu ya kuchajia simu, kama vile waliniuliza. Nilipoiona nilicheka peke yangu barabarani. Zamani umeme wa Kwamsisi ulikuwa mimi: paneli moja juu ya bati, betri kuukuu ya gari, na simu za kijiji kizima zimelala mezani na vikaratasi vya majina. Ada yangu ilitoka pale. Kaka yako, Mjomba Salehe, alikuwa akipita anasema, "Mtoto wa kike na mabetri, iko siku atalipuka huyu." Sikulipuka. Nilimaliza shule, nikasoma cheti, nikasoma diploma, na hakuna aliyenishika mkono isipokuwa wewe, uliyekuwa unakaa kwenye ile meza nikiwa darasani na unagoma kumpa mtu simu yake mpaka aseme namba yake kwa kichwa.

Unakikumbuka kikombe? Nilitia maji na chumvi kwenye kikombe chako cha chai, nikazamisha misumari miwili iliyofungwa nyaya za betri, mapovu yakaanza kupanda. Ukaja ukasimama nyuma yangu. "We mtoto, unachemsha maji bila moto?" Halafu ikaja ile harufu kali ya dawa ya kufulia, ukakohoa, ukakitupa kikombe na misumari yake hadi kwenye mihogo. Jioni ukakifuata, ukakiosha kwa majivu, ukaniuliza taratibu yale mapovu yametoka wapi. Sikuwa na jibu siku ile. Kazi yangu ya leo, Mama, ukiiangalia vizuri, ni kile kikombe. Tofauti ni kwamba sasa misumari yenyewe ni ya platini, na asiyetakiwa kuvuta harufu analindwa na ukuta wa madini ya risasi.

Uliniuliza mara nyingi nafanya nini hasa huku mjini. "Unatengeneza dawa?" Nikakujibu natengeneza taa. Ukasema basi ndiyo yale yale ya betri, ukaridhika. Nilikuwa nataka kukueleza yote siku ukija. Hukuja. Nikueleze leo, kwa sababu bila hilo hutaelewa nilichokiona Korogwe.

Kuna kitu kinaitwa dopa. Ubongo unaichukua na kuipeleka mahali padogo kule ndani panaposimamia mwendo wa mikono na miguu. Umbo lake lina pete, chembe sita za kaboni zimeshikana mviringo. Sisi tunataka kuitundikia pete hiyo chembe moja ya florini yenye mionzi. Ikiingia mwilini, ubongo unaipokea kama dopa yake ya siku zote, na mashine iliyo nje inaona mionzi inapojikusanya. Pale panapofanya kazi panang'aa. Palipochoka pana giza. Ndiyo maana nikaiita taa. Haitibu mtu, inaonyesha tu.

Shida ni kuitundika. Ile florini inatufikia ikiwa na chaji hasi, tunaiita floridi, na ile pete nayo imejizungushia elektroni, ambazo ni hasi vilevile. Ni wake wenza jiko moja. Hata uwabembeleze vipi, kila mmoja anamgeuzia mwenzake mgongo. Wengine wanawalazimisha kwa moto na kwa njia ndefu za kuzunguka. Kikundi chetu kinatumia umeme. Tunaichovya pete kwenye kikombe kidogo chenye vijiti viwili, tunawasha, na kijiti kimoja kinachota elektroni kutoka kwenye pete. Pete inabaki na upungufu, na sasa yenyewe ndiyo inayomtafuta floridi. Volti zikiwa chache, hakuna kinachotokea. Zikizidi, pete zinaungua na kushikamana zenyewe kwa zenyewe, tunapata ukoko mweusi kwenye platini. Ukoko wetu hauliki, Mama. Mimi ndiye ninayeusugua.

Halafu kuna maji. Floridi inatoka kwenye mashine inayoizalisha ikiwa ndani ya maji, na maji yakiizunguka haitaki kusikia habari ya mtu. Lazima tuikaushe, tupulizie gesi, tukaushe tena, na huku saa inakimbia. Kwa sababu florini hii inakwisha. Kila baada ya dakika mia na kumi, nusu yake imekwenda. Huwezi kuiweka akiba, huwezi kuirudisha.

Hilo nilikueleza, na ulilielewa kabla sijamaliza, kwa sababu ya ujana wako kule Ngombezi kwenye mkonge. Ulisema jani likikatwa lazima lifike korona, kiwanda cha kulichuna, siku ile ile, maana likilala linakauka na mashine haiwezi tena kulivua singa, zile nyuzi zake. Ulikuwa unaning'iniza singa kwenye nyaya zikauke, mistari na mistari, mnaimba. "Kumbe na nyie mna korona yenu," ukasema, ukacheka mpaka ukashika ubavu. Kwa mkono wa kushoto. Mimi sikuona. Nilikuona unacheka tu.

Na jambo la mwisho, hili ndilo ningependa ulisikie kwa masikio yako. Dopa ina sehemu zake laini ambazo umeme ungeziharibu kabla ya kufika kwenye kazi tunayoitaka. Kwa hiyo tunazifunika kwanza kwa vitu vingine, tunafanya yetu, na mwisho tunazifunua kwa asidi. Pale maabara mimi huita zile funiko kanga. Nilianza kwa utani, sasa wote wanasema hivyo. "Umeshaivisha kanga?" "Bado, naivisha." Hata yule bwana mkubwa wa kikundi anasema. Taa yetu bado haijaingia kwenye mwili wa mtu yeyote, tunaipima kwenye vichupa tu, na mara nyingi florini nyingi zaidi inapotea kuliko inayokaa. Lakini siku florini inapokaa, Mama, mimi huhisi kama mapovu ya kile kikombe.

Sasa kanga yenyewe.

Kuna kinyongo nilikuwa nacho na wewe. Nilikificha hata msibani. Ile doti ya kijani niliyokununulia kwa mshahara wangu wa kwanza, nilikuletea Idd, imekunjwa ndani ya karatasi yake. Ulikuwa umekaa mkekani, Mama Mdogo yuko pembeni anamenya viazi. Nikapiga goti, nikakupa kwa mikono miwili. Ukaipokea kwa mkono wa kushoto. Wewe! Uliyenichapa kofi la mkono mbele ya wageni kwa kupokea kashata kwa kushoto, nikalia mpaka usingizini. Nikadhani umenikasirikia kwa kutokuja Idd iliyotangulia. Nikadhani zawadi yangu umeidharau. Sikuuliza. Nilirudi mjini nikiwa nimemeza kitu kama kokoto, na kila nilipokukumbuka kilikuwepo.

Baada ya Idd ile ndipo watu walipoanza kukuona unatetemeka, na ndipo Mjomba akaanza kusema ni shetani wa upande wa bibi, anadai chake. Nilipokuja kukuona mwendo umekuwa wa hatua fupi fupi na uso umetulia kama unaangalia mbali, nilijua. Ni pale mahali padogo kwenye ubongo pamechoka; mtu anayeshinda na dopa mikononi hawezi asijue. Nikapiga hesabu zangu. Taa ya aina ile, hata ikitengenezwa kwa njia ya kawaida, haifiki Korogwe. Kwa basi ni safari ya saa tano na nusu: nusu imekwenda, na nusu ya iliyobaki, na nusu tena. Ingefika thumni, sehemu moja ya nane. Kwa hiyo taa haiji, ni wewe uende. Nikakuombea nafasi ya picha huku mjini. Ukakubali. Mjomba akasema, "Kwanza tumalize ya nyumbani," akimaanisha tambiko, na tambiko likangoja watu, na watu wakangoja mavuno. Ukaniambia kwenye simu, kwa ile sauti yako iliyokuwa imeshakuwa ndogo, "Tumsikilize kaka, halafu nitakuja." Ukaanguka njiani ukitoka kisimani. Kifua kikajaa. Ukaondoka.

Sijamsamehe, Mama. Nakuandikia ukweli, kwani nani atanisomea?

Ulipotimiza arobaini tulikaa kugawana nguo zako, wanawake watupu, kama inavyofanywa kwetu. Mama Mdogo akaichukua ile doti, akaikata katikati, upande mmoja akanipa, upande mmoja akafunga palepale. "Tukikutana Idd," akasema, "wewe umefunga wako na mimi wangu, dada atakuwa amekamilika." Tukalia wote. Mimi upande wangu niliuweka sandukuni. Niliuogopa, kwa sababu ya ile kokoto.

Halafu mwezi uliopita nikapigiwa simu na kondakta, una mzigo wako stendi. Mfuko wa sukari umeshonwa kwa uzi. Ndani, upande wa Mama Mdogo, umefuliwa na kupigwa pasi. Nikampigia. Akasema haraka haraka, kama aliyekariri, "Mwanangu, nimekurudishia. Mkono umeanza. Mjomba wako anasema ni hiyo kanga ya marehemu, imekuja na mambo yake. Hata dada hakuwa na kitu mpaka alipoivaa. Usiifunge, nakuomba." Nikabaki nimesimama na doti nzima mikononi. Imekamilika, kwa namna ambayo hakuna aliyeiomba.

Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi.

Mnyuzi nilimkuta kaka yako amejaa tele barazani. Alikuwa amekuja kupanga tambiko lingine. "Eeh, Bibi Betri amefika," akasema. Nikamwamkia, akaitikia, nikakaa. Mama Mdogo alitoka ndani, mkono wa kulia umezama chini ya kanga nyingine, akanipa wa kushoto. Aliona nimeutazama. Akauondoa nao haraka, tukabaki hatujasalimiana.

Nilikuwa nimejiandaa na maneno yangu yote ya kisomi. Nikaanza na ubongo, nikaenda kwenye dopa, nikafika kwenye florini. Mama Mdogo alikuwa anatikisa kichwa kwa adabu kama anayesikiliza hotuba ya mgeni rasmi. Nilipomaliza akasema, "Ahsante mwanangu. Lakini hospitali siendi. Nikishaguswa na madaktari, hata shetani wa nyumbani atakataa kuniacha." Nikamwuliza, mbona mimi ninao upande mwingine na mkono wangu umetulia? Akajibu, "Wewe umeufunga lini? Umeuweka sandukuni, uliniambia mwenyewe." Nikautoa mkobani upande alionirudishia, palepale nikajifunga kiunoni, juu ya suruali. Akaruka. "Toa! Toa hiyo, Zaina, usinitie dhambini!" Na machozi yakamtoka kweli.

Mjomba akaniangalia, si kwa ukali. Akasema, "Mwanangu, wewe una hesabu. Basi nipigie na hii. Dada yangu alikuwa mzima. Akaletewa kanga. Akatetemeka. Amekufa, kanga ikaja hapa. Huyu naye anatetemeka. Nini kimetangulia?"

Na ni swali zuri, Mama. Lazima nimpe haki yake. Ni swali ambalo hata kwetu maabara tungeuliza: nini kimetangulia? Nikafungua mdomo nimjibu kwa hasira na badala yake nikaiona ile Idd. Karatasi. Goti langu. Mkono wako wa kushoto ukija.

Nikasema, "Mjomba, aliipokea kwa kushoto."

Akasema, "Nini?"

"Kanga. Nilipompa, ikiwa mpya, ndani ya karatasi. Aliipokea kwa kushoto. Wa kulia ulikuwa chini ya nguo yake ya zamani." Nikamgeukia Mama Mdogo. "Ulikuwepo. Ulikuwa unamenya viazi."

Mama Mdogo aliutazama mkono wake chini ya kanga. Kisha akasema, hakuwa anasema na sisi, "Nilimkanya. Tulipoingia jikoni nilimkanya. Nikamwambia, dada, unampokelea mtoto kwa kushoto, mtoto kapiga goti? Akaniambia, nyamaza, huu mwingine siku hizi haulali. Ukitoka utamtisha." Akaweka kiganja mdomoni. "Nilidhani anaumwa baridi yabisi. Haulali, alisema. Haulali. Alikuwa nao kabla."

Kwa hiyo ndiyo hivyo, Mama. Hukunidharau. Ulikuwa unanificha. Ulichagua niondoke na kinyongo kuliko niondoke na hofu. Miaka yote hii nimebeba kokoto, kumbe ulikuwa umeniwekea mkono kifuani unizuie nisione. Sijui nikushukuru au nikugombeze. Nililia pale barazani kama mtoto wa kashata.

Mjomba alivua kofia, akaigeuza geuza. Amezeeka, ungemwonea huruma. Akasema, "Mimi nilikuwa natafuta cha kumsaidia dada yangu. Sikuwa na kingine cha kutafutia." Akavaa kofia. "Basi mpelekeni." Nimekuambia sijamsamehe, na bado. Lakini nilimshika mkono kumsindikiza hadi kwa bodaboda, na huo si uongo.

Kesho yake tukaenda Korogwe. Daktari alikuwa dada mdogo tu, mpole, ana haraka. Mimi nimebeba kichwani hotuba nzima ya taa, na jinsi nitakavyompeleka Mama Mdogo mjini. Yule daktari akavuta kiti. Akamwambia Mama Mdogo agonganishe kidole gumba na cha shahada, upesi upesi, mkono huu, sasa huu. Akamkunja kiwiko na kukinyoosha, akisikiliza kwa vidole. Akamwambia atembee hadi mlangoni, ageuke, arudi. Akamwuliza kama bado anasikia harufu ya kitunguu, na mwandiko wake ukoje. Basi. Nikamweleza taa yetu kwa kifupi, nikamwuliza, na picha? Akatabasamu. "Dada, picha yako ni nzuri, na wapo wagonjwa nisingejua bila kitu kama hicho. Huyu namwona bila taa."

Bila taa, Mama. Kiti kimoja na ukumbi wa kutembea. Mimi nilikuwa nakuhesabia nusu na thumni, nakupangia safari ya mjini, na Mjomba anakupangia tambiko, na wote wawili tuliipita hospitali ya Korogwe bila kugeuza shingo. Hili linaniuma mahali ambapo sijui nimkasirikie nani.

Akaandika dawa. Nilipoipokea dirishani nikasoma kiboksi, kama ninavyosoma kila kitu, nikarudia kukisoma. Levodopa. Ni ile ile, Mama. Ile pete yangu, na sehemu zake laini, zikiwa wazi, hazijavishwa kitu. Haina florini, haina mionzi, haikwishi kwa dakika mia na kumi, inakaa kabatini kama panadol. Nimeshinda miaka na hicho kitu mikononi nikikitundikia taa, na kumbe bila taa ndicho chenyewe wanachomeza. Nilikuwa najua, usidhani sikuwa najua, imo vitabuni. Lakini kujua kwa kitabu na kukishika kikiwa kidonge cha Mama Mdogo ni vitu viwili.

Tukatoka tukakaa kwenye benchi la nje, watu wamejaa, kina mama na watoto, mzee mmoja anauza maji ya chupa. Nikafungua kidonge cha kwanza, nikakiweka kiganjani, nikamnyooshea.

Akaleta mkono wa kushoto. Nusu ya njia akausimamisha. Akaurudisha mapajani. Halafu, taratibu, akautoa wa kulia chini ya kanga, mbele ya benchi zima, unatetemeka, gumba linasugua, kila mtu anaona, na akaupitisha hewani hadi kwangu. Ulichukua muda. Kidonge kilimponyoka mara moja, nikakidaka. Akakipokea tena. Kwa kulia.

"Haya," akasema, maji yanamchuruzika kidevuni. "Nimepokea kama mtu aliyefundwa. Dada asinisute."

Daktari amesema hakitaponya. Kitamrahisishia, na kitahitaji kupimwa na kupangwa upya kila mara. Nimemweleza hivyo hivyo, sikumpamba. Amesema akipata tu kufunga kanga yake mwenyewe bila kuitwa mtu, imetosha. Upande wake nimemwachia. Aliufunga siku ile ile tuliyotoka hospitali, fundo baya, lakini lake.

Na mimi nimeutoa wangu sandukuni leo asubuhi. Sikuwahi kuufungua wote tangu arobaini. Kuna mahali karibu na pindo pamelika, padogo, panatosha kidole gumba. Rangi imekwisha, nyuzi zimebaki nyembamba unaona mwanga. Ndipo ulipokuwa unauficha mkono. Nimeweka kidole changu hapo na kimekaa sawasawa, maana mikono yangu ni yako, wote husema.

Kazi nitaendelea nayo. Usidhani yaliyotokea Korogwe yamenivunja. Yule daktari alisema wapo ambao macho hayatoshi, na mimi nataka ikifika zamu yao taa iwepo, isiyo na ukoko, iliyokaushwa vizuri, kabla saa haijaimaliza. Jumatatu ninaivisha pete kanga kama kawaida. Nitakapoifunua mwishoni nitakuwa nakukumbuka, hilo siwezi kulizuia.

Ninachokuahidi ni hiki. Idd hii tutakuja Kwamsisi wote wawili, kila mmoja na upande wake, tukusafishie kaburi. Mjomba ameomba aje nasi, na sitamkatalia. Na kuanzia sasa nikimwamkia mtu wetu yeyote, akinipa mkono wa kushoto, sitanuna wala sitaondoka. Nitakaa mkekani nisubiri wa kulia. Nitauomba. Ukitetemeka nitaushika hivyo hivyo unavyotetemeka, mpaka wenyewe uzoee kuonekana.

Wako sasa umelala, Mama. Haufichwi tena. Mimi nakunywa hii chai iliyopoa, halafu nakula, usiniulize.

Mwanao,
Zaina